Mgongo wa Msusi

Adoyo alikuwa amekamata kichwa cha Musimbi, upande wa kushoto ukiwa umesukwa rasta nyembamba zilizolala vizuri, upande wa kulia ukiwa bado umesimama kama kichaka, alipoinama kuokota kitana kilichoanguka na akashindwa kuinuka.

Hakuanguka. Kuanguka kungekuwa na heshima yake. Mtu akianguka watu humkimbilia. Yeye alibaki vilevile alivyoinama, mkono mmoja umeshika mguu wa kiti, mwingine umeganda hewani karibu na kitana, kama mtu anayemchungulia paka chini ya kitanda. Kitu kilikuwa kimemchoma kiunoni kikashuka hadi pajani, na kila alipojaribu kujinyoosha kilimchoma upya.

"Mama Cyril, umepoteza nini huko chini?" akauliza Namalwa, msusi mwenzake waliyekuwa wakigawana naye chumba cha saluni.

"Sijapoteza. Nimepotea mimi."

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, wakati saluni ile iliyo ghorofani, juu ya duka la mbegu na mbolea, hujaa kuliko siku zote. Wateja wanne walikuwa wameketi kwenye benchi wakingoja zamu. Kwa miaka kumi na sita Adoyo alikuwa ameitazama Eldoret kutoka juu ya vichwa vya wateja wake. Sasa Eldoret ilikuwa inamtazama yeye, tena kutoka upande ambao yeye mwenyewe hangeuchagua.

Kilichomuuma zaidi ya kiuno ni kwamba dakika kumi tu zilizopita alikuwa akijigamba. Alikuwa amewaambia wale wanne, bila kuulizwa, kwamba tangu aanze kazi hajawahi kusuka akiwa ameketi. "Stuli ni ya wageni," alisema. "Mimi nasimama kutoka asubuhi mpaka jioni, na jioni nikifika nyumbani nasonga ugali." Mmoja wao alikuwa amemwambia hongera.

Musimbi akainuka kitini na nusu ya kichwa chake. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na tisa hivi, mpole, mteja wa mara ya pili tu, na Adoyo hakuwa amewahi kumuuliza anafanya kazi gani kwa sababu kwa kawaida Adoyo ndiye huongea.

"Mtu asimvute," Musimbi akasema. "Mimi ni wa idara ya mazoezi ya viungo pale hospitali. Mama, shuka polepole kwa magoti. Hivyo. Sasa geuka, lala chali. Miguu tuweke hapa juu ya kiti."

Ndivyo Adoyo alivyojikuta sakafuni kwenye saluni yake mwenyewe, katikati ya vinywele na vipande vya nywele za kununua, akiangalia upande wa chini wa kiti ambacho hakuwahi kujua kimebandikwa ubani wa kutafuna wa rangi tatu. Juu yake aliinama uso wa Musimbi, nusu bibi harusi, nusu mtu aliyetoka kwenye upepo.

"Daktari," Adoyo akasema, "ukiwa hivyo ni ngumu kukuamini."

Musimbi hakucheka. Aliweka vidole viwili tumboni mwa Adoyo, chini kidogo ya kitovu. "Kaza tumbo, Mama."

"Nimekaza."

"Bado."

"Daktari, hiyo ndiyo imekaza."

Musimbi akabonyeza tena, akatafakari. "Mama Cyril, hapa hakuna kitu imekaza. Hapa ni ugali na amani tu."

Benchi zima likacheka, na Adoyo naye akacheka, jambo ambalo lilikuwa kosa, kwa sababu kicheko nacho hupitia kiunoni.

Musimbi alimweleza pale pale chini. Mgongo wake haukuwa na ugonjwa wa ajabu; ulikuwa umechoka kwa kufanya kazi ya watu wengine. Misuli ya tumbo, ya mbavuni, ya chini ya mgongo na ya nyonga ilitakiwa kumshika mtu katikati kama mkanda, kila upande ukivuta sehemu yake. Ya Adoyo ilikuwa imestaafu zamani, ikamwachia mgongo peke yake ushike kichwa, mikono, na saa nane za kuinamia vichwa vya wenzake.

Adoyo alisikiliza kwa unyenyekevu. Kwa miaka mitatu alikuwa akililaumu godoro. Kabla ya godoro alilaumu baridi ya Eldoret, na kabla ya baridi alimlaumu mume wake, Ondiek, kwa namna anavyogeuka usingizini. Godoro walikuwa wamebadilisha. Ondiek alikuwa amehamishiwa upande wa ukutani. Haikumwingia akilini hata mara moja kwamba mshukiwa wa kweli alikuwa tumbo alilolibeba mwenyewe mbele yake kila siku, chini ya aproni.

Namalwa ndiye aliyemalizia kichwa cha Musimbi. Adoyo aliangalia kutoka sakafuni, akiteseka mara mbili, kwa sababu Namalwa hugawa nywele kwa mistari mipana na mkono wake ni mzito. Hakuvumilia.

"Legeza hapo mbele, Namalwa! Hiyo ngozi ikivutika namna hiyo nywele ya kipaji cha uso itang'oka yote. Daktari, unaumwa?"

"Kidogo."

"Usiseme kidogo. Kichwa hakitakiwi kuuma hata kidogo. Na hizi nywele zako za pembeni zimekwisha, niliona nikianza. Zile rasta za mwisho ulikaa nazo muda gani?"

Musimbi akahesabu kwa vidole. "Miezi minne."

"Miezi minne! Wiki sita, Daktari. Nane zikizidi sana." Na kutoka pale chini, akiwa amelala chali, miguu juu ya kiti, Adoyo akatoa ile hotuba ambayo kila mteja wake huipata kabla ya kuondoka. Kuosha kila wiki mbili, shampuu iliyochanganywa na maji, ukibonyeza ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole bila kusugua. Kukausha kabisa, maana kwa baridi ya huku rasta zikikaa na unyevu zitanuka kama taulo la shule. Mafuta mepesi kwenye ngozi, tone kwa tone, si kupaka kama mtu anayepaka mkate siagi. Na kitambaa cha satini kila unapolala, kila siku, bila kusahau, kwa sababu shuka na blanketi hunyonya mafuta yote na kukatakata nywele.

"Nitafanya," Musimbi akasema. "Na wewe utafanya yangu?"

Yake yalikuwa matatu, kila asubuhi. La kwanza kulala chali na kuinua nyonga, linaitwa daraja. La pili kupiga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa, kisha kunyoosha mkono mmoja mbele na mguu wa upande mwingine nyuma. La tatu planki, yaani kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao.

"Nitafanya," Adoyo akasema.

Jumatatu alienda hospitali akapimwa na Musimbi, na siku mbili zilizofuata aliyafanya kweli. Siku ya tatu Ondiek alimruka pale kwenye mkeka wa sebuleni akienda kutafuta chaji ya simu, akarudi akamruka tena, akauliza kama anaomba ama amekasirika. Siku ya nne kulikuwa na mvua. Siku ya tano sakafu ilikuwa baridi. Siku ya sita alijisikia nafuu, na mtu mwenye nafuu, alijieleza, hana haja ya dawa. Kila Jumatano Musimbi alipotuma ujumbe kuuliza, Adoyo alimjibu akiwa ameegemea kochi: *Tunaendelea vizuri Daktari.* Aliona kwamba ile "tu" ilipunguza uzito wa uongo, kwa kuwa haikuwa wazi ni nani na nani.

Wiki ya tatu Musimbi akaja kuoshwa nywele. Adoyo alikuwa sasa anafanya kazi nusu siku, amejifunga mkanda mpana uliomfanya atembee kama askari wa gwaride. Alimlaza Musimbi kwenye sinki, akaingiza vidole katikati ya rasta, na vidole vyake vikasimama.

"Daktari, unafunga kitambaa ukilala?"

"Kila siku, Mama."

"Cha satini?"

"Cha satini kabisa."

Adoyo akavuta kitu taratibu kutoka kwenye rasta moja, kisha nyingine, kisha ya tatu. Akakishika mbele ya macho ya Musimbi. Yalikuwa manyoya ya blanketi.

"Blanketi lako ni nyekundu?"

Maji yalitiririka kwenye sinki. "Ni maruni," Musimbi akasema.

"Na hii ngozi imekauka mpaka inapukutika. Mafuta umeweka lini?"

"Mama Cyril, nikifika nyumbani natoka zamu, nimechoka, nalala tu na viatu."

"Daktari mzima!" Adoyo akawa na raha isiyo na kifani. Aligeuka kwa Namalwa, akageuka kwa mama mmoja aliyekuwa chini ya kikausha nywele, akiwatafuta mashahidi. "Daktari mzima ananidanganya, na mimi nimeshika ushahidi mkononi! Watu hawa, unawaambia vizuri, unawaandikia, wanasema ndiyo, ndiyo, halafu..."

"Na planki imefika sekunde ngapi?" Musimbi akauliza kutoka kwenye sinki.

Adoyo akafunga bomba. "Arobaini," akasema. Ndiyo namba iliyomjia. Hata yeye alishangaa ilivyotoka laini.

Musimbi akaketi, maji yakimdondoka mabegani, akajifunga taulo. "Lala nione."

"Hapa? Mbele ya wateja?"

"Hata ile siku nyingine ulilala hapa."

Hapakuwa na mlango wa nyuma. Adoyo alitandika gunia safi, akavua viatu, akashuka kwa viwiko kama anayejaribu joto la maji. Namalwa akatoa simu ahesabu. Mama wa kwenye kikausha alizima mashine ili asikie vizuri. Sekunde tatu za kwanza zilikuwa nzuri sana. Ya nne, tumbo likaanza kutetemeka. Ya sita, matako yakapanda juu yenyewe kama yanaitwa. Ya nane, Adoyo alisikia sauti ya mbuzi na akagundua ni yake. Ya tisa akawa chini, shavu kwenye gunia.

"Tisa," Namalwa akatangaza.

"Ile siku ya kwanza pale hospitali nilikupima kumi na moja," Musimbi akasema, kwa mshangao wa kweli. "Mama, sijawahi kuona mtu akirudi nyuma."

Adoyo hakuinuka mara moja. Alilala pale akisikia, moja baada ya nyingine, sauti za wateja wote waliowahi kumwambia wanafunga kitambaa, wanaosha kila wiki mbili, wanapaka mafuta mepesi. Miaka kumi na sita aliwaona kama watu wasio na shukrani. Kumbe walikuwa watu wenye kochi.

"Kila siku naambia wagonjwa kumi na tano," Musimbi akasema, amechuchumaa kando yake. "Najua wanaofanya ni wawili. Wengine huniambia arobaini, kama wewe. Sijui kwa nini huwa ni arobaini."

"Ni namba ya Biblia," Adoyo akasema kwenye gunia, na safari hii Musimbi alicheka mpaka taulo likamwanguka.

Waliacha kuaminiana, na hapo ndipo mambo yakaanza kwenda. Adoyo alifanya mazoezi yake saluni, kabla ya kufungua, Namalwa akiwa msimamizi asiye na huruma, kwa sababu Namalwa hakuwa amesahau zile kelele za mkono mzito. Musimbi alipita kila Ijumaa akitoka kazini, Adoyo akakagua ngozi ya kichwa na kutafuta manyoya. Wiki ya kwanza alipata matatu. Wiki ya pili hakupata. Rasta zilipofumuliwa zikiwa na wiki nane, pembeni mwa kipaji cha Musimbi kulikuwa na vinywele vifupi vipya, vigumu, vimesimama. Adoyo alivipapasa muda mrefu kuliko ilivyohitajika na akaagiza nywele zikae mwezi mzima bila kusukwa. Yeye mwenyewe alikuwa amefika sekunde thelathini na moja, na shahidi alikuwepo.

Ikabaki harusi ya Moiben. Miezi mitano nyuma, akiwa bado mtu wa kusimama, Adoyo alikubali kwenda kuwasuka bibi harusi na wasichana wake, vichwa saba, siku moja. Musimbi alimwambia aache. Adoyo akasema neno limeshatoka. Wakaelewana kwamba ataenda na Namalwa, kwamba ataketi, na kwamba kila akimaliza kichwa atatembea kidogo na kufanya lile zoezi la mkono na mguu mara kumi kila upande.

Walifika asubuhi, boma la wafugaji lenye nyasi fupi, na mama wa bibi harusi akawapokea kwa chai ya maziwa mengi. Alimtazama Adoyo juu hadi chini kwa heshima kubwa. "Kwa hivyo wewe ndiye yule hukaa kwa miguu siku yote," akasema. "Wengine tunawajua, wanakaa chini wanasinzia. Tulisema hapana, tunataka yule."

Namalwa alikuwa tayari ameshika stuli mkononi. Adoyo akaitazama stuli, akamtazama mama, na ulimi wake, ambao ndio ulikuwa umemfikisha hapo, ukasema, "Ndiye mimi". Akasuka kichwa cha kwanza amesimama.

Alipofika katikati ya cha pili, kiunoni kukaanza kuwaka taratibu. Alijiambia atamaliza huu mstari. Akamaliza, akajiambia huu mwingine. Kisha akajiona, kama kwa macho ya mtu mwingine, amejikunja tena na kitana hewani, safari hii mbele ya familia mbili na mpiga picha.

"Mama," akamwambia mwenye boma, "mimi nilisema uongo. Zamani ilikuwa kweli, lakini mgongo ulikataa. Nikisimama leo mtanizika kabla ya harusi. Nitaketi, na mtaona kama nitasinzia."

Mama yule akafikiri. "Si ungesema," akajibu, akaenda kumletea mto.

Kwa hiyo aliketi kwenye stuli ndefu, wasichana wakaketi chini kwenye mto, mgongo wake ukanyooka, na kazi ikaenda mbio kuliko alivyotarajia. Bibi harusi, Jelagat, alikuwa wa tano. Alitaka nywele zivutwe juu kabisa, zikaze, ili uso ung'ae kwenye picha.

"Nikikaza hivyo utalia kanisani," Adoyo akamwambia, "na watu watasema ni furaha." Jelagat akakubali zilegezwe.

Baada ya kichwa hicho Adoyo alijificha nyuma ya ghala la mahindi, akainua sketi kidogo, akapiga magoti kwenye nyasi. Mkono wa kulia mbele, mguu wa kushoto nyuma. Alikuwa amehesabu nne, akitikisika kama meza mbovu, alipoona viatu vya mpira vimesimama mbele ya pua yake. Ndani ya viatu alikuwa nyanya wa Jelagat, ambaye boma zima lilimwita Kogo, mwanamke wa miaka sabini na kitu, ameshika ndoo ya maziwa.

"Wewe ni wa dini gani?" Kogo akauliza.

"Ni mazoezi, Kogo. Ya kufanya mgongo uwe na nguvu. Ni ngumu sana. Inataka mtu aliyefundishwa."

Kogo akaweka ndoo chini. Akapiga magoti, akaweka viganja kwenye nyasi, akanyoosha mkono mmoja na mguu mmoja, kiatu cha mpira kikiangalia mlima. Hakutikisika. Akakaa hivyo akisubiri, kama mtu aliyeambiwa ashike kitu kidogo mwenye nacho anarudi. Baada ya muda akageuza kichwa.

"Halafu?"

"Halafu nini, Kogo?"

"Sehemu ngumu ni gani?"

Adoyo akaketi kwenye nyasi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipomuuliza Kogo amepata wapi nguvu hizo, Kogo alionyesha ng'ombe waliokuwa zizini, kwa kidevu tu, kwa sababu mkono ulikuwa bado uko hewani.

Kabla jua halijashuka vichwa saba vilikuwa vimekwisha, na Kogo akaja kuketi kwenye mto bila kualikwa, akavua kitambaa. Nywele zake zilikuwa nyeupe, urefu wa kifundo cha kidole, laini. Namalwa alianza kusema gari linangoja, Adoyo akamzuia. Alimsukia mistari sita iliyonyooka, mikono yake ikienda taratibu. Akaanza hotuba yake, ya mafuta na kitambaa cha kulalia, na Kogo akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nalala na kitambaa kutoka kabla mama yako azaliwe," akasema.

Safari ya kurudi ilimkaza. Gari liliposimama mlangoni kwake, Adoyo hakuweza kutoka. Ondiek alilazimika kuja kumtoa mguu mmoja mmoja, akimwita mzee, naye akamruhusu. Lakini hakulala na maumivu, na asubuhi aliinuka mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, lakini hakufungua saluni. Alitandika mkeka sebuleni akaanza daraja, na Ondiek, ambaye alikuwa amesikia habari za Kogo mara tatu, akasema hilo ni jambo la mtoto, akalala kando yake, akainua nyonga kwa nguvu za mwanamume wa kwanza kugundua nyonga.

Mshipa wa paja ukamkamata hapo hapo. Alipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Adoyo alitambaa, akalishika lile paja, akalikanda kwa mafuta ya nywele ya nazi, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu, akimwagiza apumue.

"Hii kitu ulikuwa unafanya kila siku?" Ondiek akauliza, jasho likimtoka.

"Kila siku," Adoyo akasema, kisha akafikiri. "Karibu kila siku. Jumanne niliruka."